Mzabibu, Mkorosho na Jasho Lililo Juu ya Altare





Kila Dominika, katika makanisa ya hapa Shangani na katika vigango vya kusini hadi kule mto Ruvuma unakomwaga maji yake baharini, waamini huinuka wakati wa vipaji na kuandamana kwenda altareni wakiwa na mkate na divai. Kwaya huimba, akina mama hupiga vigelegele, naye kasisi hupokea vipaji hivyo na kumtukuza Mungu aliyetujalia ardhi na nguvu za kuilima. Tumeyazoea matendo hayo hata aghalabu hatuyafikirii. Leo twaomba tuyafikiri kwa njia ya swali moja: kazi inayopelekwa altareni pamoja na divai ile ni kazi ya nani? Ni nani aliyeupogoa mzabibu, aliyekivuna kichala, na mtu huyo alilipwa nini?

Swali hili halitokani na udadisi mtupu. Tume ya Haki na Amani ipo ili kuwasaidia waamini waone uhusiano uliopo kati ya yale tunayoyaadhimisha kanisani na yale yanayotendeka shambani, ghalani na sokoni. Tunaamini kwamba katika divai uhusiano huo unaonekana waziwazi, na kwamba habari za mkulima wa zabibu wa Dodoma zina fundisho kubwa kwa mkulima wa korosho wa Mtwara, na zaidi kwa wale wetu ambao humnunulia mkulima huyo korosho zake.

MZABIBU WA NCHI KAVU

Wengi wetu hudhani kwamba divai ni kitu cha Ulaya, kinachofika kwetu kwa meli. Kumbe nchi yetu inao mzabibu wake. Katika Mkoa wa Dodoma hulimwa zabibu za divai za aina mbalimbali. Miongoni mwa nyeupe, iliyoenea zaidi ni ile iitwayo Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa. Miongoni mwa nyekundu, iliyoenea zaidi ni Makutupora Nyekundu. Jina hilo limetokana na Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu ambacho siku hizi ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Zipo pia nyekundu za kigeni kama Syrah na Cabernet Sauvignon, lakini ukimwuliza mkulima mdogo amepanda zabibu gani ya divai nyekundu, mara nyingi atakujibu: Makutupora.

Historia ya mzabibu huo haiko mbali na historia ya Kanisa. Mwaka 1935 eneo la Dodoma lilifanywa kuwa Prefektura ya Kitume na kukabidhiwa kwa Mapadre Wapasionisti kutoka Italia. Wamisionari walihitaji divai ya Misa, na katika misheni ya Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, mizabibu ilipandwa na divai ikakamuliwa. Hatua kwa hatua wananchi wa maeneo ya jirani nao wakajifunza kilimo hicho. Kwa hiyo tukisema kwamba mzabibu wa Dodoma ulikuwa mmea wa altare kabla ya kuwa mmea wa biashara, hatutakuwa tumekosea sana.

Dodoma ni nchi kame. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Mahindi huteseka huko, mzabibu hustahimili. Hapa kwetu pwani hewa ina unyevu mwingi mno, na maradhi ya ukungu yangeumaliza mzabibu kabla haujazaa vya kutosha. Tena kule Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha mzabibu kwa kuupogoa, na kwa sababu hiyo huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, aghalabu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Tusidhani basi kwamba kuvuna mara mbili ni kupumzika mara mbili. Shamba la zabibu lataka nguzo na nyaya za kuegemeza matawi, lataka samadi, lataka maji wakati wa kiangazi, na kila baada ya mavuno lapogolewa upya. Tena lataka dawa. Adui mkubwa wa mzabibu ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaofunika majani na matunda machanga. Wakulima wa Mtwara wanalijua jina hilo. Ubwiri unga wa mikorosho, pamoja na bei duni na kuhamishiwa watu vijijini mbali na mashamba yao, ndio ulioiangusha korosho ya Tanzania kutoka tani kama 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Vimelea vya ukungu huo katika mimea hii miwili si vya aina moja, lakini ni jamaa, na dawa ni ile ile: salfa. Basi yule mkulima wa Dodoma aliyefunga kitambaa usoni, akinyunyiza unga wa manjano katika mizabibu yake, anafanya kazi ile ile anayoifanya mkulima wa Msimbati au Nanyamba chini ya mikorosho yake kila Julai. Hao ni ndugu wawili wasiojuana.

KUTOKA KICHALA HADI KIKOMBE

Yafaa pia tujue divai nyekundu inavyopatikana, maana hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Zabibu zikiiva, vichala hukatwa kwa mkono na kupelekwa kiwandani. Huko huondolewa vikonyo na kupondwa. Maji ya zabibu nyekundu, kwa aina nyingi, hayana rangi nyingi. Rangi imo ndani ya ganda. Kwa hiyo maji huachwa pamoja na maganda kwa siku kadhaa huku hamira ikiigeuza sukari kuwa kileo, na wakati huo huo maganda yakitoa wekundu wake pamoja na ule ukakasi unaoshika ulimi. Sukari ikiisha yote, divai huwa kavu. Mchacho ukisimamishwa mapema, au sukari ikirudishwa baadaye, divai huwa tamu. Kisha hukamuliwa, huachwa itulie katika matangi, huchujwa na kutiwa chupani. Wakulima na wasindikaji wadogo wa Dodoma wana neno lao kwa maji hayo yaliyokwisha kukamuliwa lakini hayajatiwa chupani: huyaita mchuzi wa zabibu. Neno hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Kwa upande wa Misa Takatifu, Kanisa halina mchezo katika jambo hili. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yaagiza kwamba divai iwe ya asili, iliyotoka katika tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Ndiyo sababu divai ya mabibo, hata ikitengenezwa kwa usafi na ustadi na akina mama wa parokia zetu wenyewe, haiwezi kuwekwa altareni. Mwezi Juni 2017 Idara ya Vatikano inayosimamia ibada na nidhamu ya sakramenti iliwaandikia maaskofu wote barua juu ya mkate na divai ya Ekaristi. Iliwakumbusha kwamba zamani vitu hivyo viliandaliwa na jumuiya za watawa, ilhali leo huuzwa hata katika maduka makubwa na mitandaoni. Kwa hiyo maaskofu wahakikishe ubora wake na uaminifu wa wale wanaovitengeneza.

Twaona basi kwamba Kanisa hudai unyofu katika chupa. Divai isichanganywe, isichakachuliwe. Nasi twauliza kwa unyenyekevu: je, mwamini anayedai unyofu ndani ya chupa anaweza kutojali unyofu wa bei iliyolipwa kabla chupa haijajazwa?

TUNDA LISILONGOJA

Hapa ndipo twafikia jambo lenyewe. Zabibu ya divai ikishaiva haingoji. Ikiachwa mtini hupoteza maji, huoza, huliwa na ndege na nyuki. Ikikatwa na kukaa juani siku mbili tatu, huanza kuchacha yenyewe ndani ya kreti. Mkulima hana ghala la baridi. Wanunuzi ni wachache, nao hujuana. Wakulima ni wengi, nao wametawanyika. Mnunuzi akisema kwamba matangi yake yamejaa, au kwamba sukari ya zabibu haijafikia kiwango, mkulima hana chombo cha kumpima wala siku za kumbishia. Hushusha bei asubuhi, huishusha tena jioni. Hatimaye humkabidhi dalali, naye hushukuru kwamba angalau hakurudi nyumbani na mzigo unaonuka.

Mambo hayo yameonekana Dodoma mara nyingi. Zamani palikuwa na kiwanda cha umma, DOWICO, kilichonunua zabibu za wananchi. Kilipodhoofika na kufungwa, wakulima walikosa pa kuuzia, na wako waliong'oa mizabibu waliyoitunza kwa miaka. Baadaye, katika miaka ya 2000, viwanda vya watu binafsi viliamka, mmoja wao huko Hombolo, na kilimo kikafufuka. Lakini hata baada ya hapo misimu imepita ambapo zabibu zimeozea shambani kwa kukosa mnunuzi, ilhali rafu za maduka ya miji yetu zimejaa divai kutoka ng'ambo.

Haki yatudai tuseme pia upande wa pili. Mwenye kiwanda naye ana mizigo: chupa za kuagizwa, umeme, kodi, na mnywaji anayedharau kilicho chake. Serikali haikulala kabisa: kwa miaka mingi sheria ya ushuru wa bidhaa imetenga kiwango kidogo cha ushuru kwa divai ambayo zaidi ya asilimia 75 ya malighafi yake ni ya humu nchini. Tena si kila mkulima ni malaika. Wapo wanaovuna mbichi ili wawahi soko, na wanaoongeza maji katika mchuzi, kama vile kwetu walivyo wanaotia mchanga na kokoto katika gunia la korosho. Dhambi haina kabila wala tabaka. Lakini baada ya kuyasema hayo yote, ukweli unabaki pale pale: katika biashara ambayo mmoja anaweza kungoja na mwingine hawezi, yule awezaye kungoja ndiye apangaye bei.

KANGOMBA NI NDUGU YAKE

Mkulima wetu wa Mtwara atasema: mimi namzidi mwenzangu wa Dodoma, kwa maana korosho yangu haiozi upesi. Ni kweli. Korosho iliyokauka vizuri huweza kukaa ghalani kwa miezi. Ndiyo sababu mfumo wa stakabadhi ghalani uliwezekana, nao ulianza kutumika kwa korosho mkoani kwetu mwaka 2007. Mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi, hupewa stakabadhi, na mzigo huuzwa kwa mnada. Mfumo huo umekuwa na madoa yake. Kumekuwa na makato yasiyoeleweka na malipo yaliyochelewa. Tunakumbuka msimu wa mwaka 2018, Serikali ilipochukua jukumu la kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya kukataa bei za wafanyabiashara, na wako wakulima waliongoja fedha zao kwa miezi mingi. Hata hivyo nia ya mfumo ilikuwa njema: kumpa mkulima uwezo wa kungoja.

Lakini ingawa korosho inaweza kungoja, tumbo haliwezi. Hapo ndipo inapoingia kangomba, yaani kununua korosho nje ya chama, kwa vipimo visivyo rasmi na mara nyingi kabla ya mavuno. Tuseme, kwa mfano, mwezi wa Julai mama mjane hana dawa ya mtoto wala ada ya shule. Jirani mwenye fedha humpa shilingi 50,000 kwa ahadi ya kilo 50 msimu ukifika. Mnada wa Novemba ukitoa shilingi 2,500 kwa kilo, kilo zile 50 zina thamani ya shilingi 125,000. Jirani yule hakupalilia, hakunyunyiza salfa, wala hakuinama kuokota. Lakini amepata shilingi 75,000 juu ya fedha yake kwa miezi minne. Naye husema kwa sauti ya upole, "Nilimsaidia, na mwenyewe alikubali."

Ndugu zangu, hatuwezi kulizungumza jambo hili kana kwamba linafanywa na watu wa mbali. Wanunuzi wa kangomba si wote wageni wa mjini. Wamo waliobatizwa. Wamo wanaosoma masomo Dominika, wanaoketi katika halmashauri ya walei, wanaotoa mchango mnono wa ukarabati wa kanisa na kupigiwa makofi. Nasi viongozi tumeyapokea makofi hayo pamoja nao bila kuuliza. Haifai kuwahukumu wenye viwanda wa Dodoma kwa kumshusha bei mwenye zabibu zinazooza, ilhali sisi wenyewe tunamshusha bei jirani ambaye mtoto wake anaumwa. Zabibu haingoji, wala homa haingoji.

KANISA LAFUNDISHA NINI

Papa Leo XIII katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891 alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali ujira duni kwa sababu ya shida au kwa kuogopa lililo baya zaidi, huyo ametendewa jeuri, na makubaliano yake hayaufanyi ujira huo kuwa wa haki. Papa Paulo VI katika Populorum Progressio wa mwaka 1967 alipanua fundisho hilo hadi kwenye biashara: pande mbili zisipolingana mno kwa nguvu, ridhaa pekee haitoshi kuithibitisha haki ya mkataba. Hayo yalisemwa juu ya viwanda vya Ulaya na biashara ya mataifa, lakini yanamgusa pia jirani yule mwenye shilingi 50,000.

Maandiko Matakatifu yalikwisha kutuonya kabla ya mapapa. Torati yakataza kuuzuia ujira wa kibarua hata asubuhi. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, aeleza jinsi ujira ulionyimwa wavunaji unavyopaza sauti na kuyafikia masikio ya Bwana. Na Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, chasimulia habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alilitamani kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake, na Nabothi akauawa kwa hila ili lichukuliwe. Habari hiyo isomwe leo kwa makini hasa Dodoma, ambako tangu Serikali ianze kuhamia huko mwaka 2016 mji umepanuka kwa kasi na mashamba ya jirani yanatamaniwa kwa viwanja. Isomwe pia hapa Shangani, ambako ardhi ya pwani ina watazamaji wengi.

Yesu naye, katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, alituonyesha mwenye shamba aliyetoka tena na tena kwenda sokoni hadi saa kumi na moja jioni, akawakuta watu waliosimama kutwa bila kazi. Watu hao hawakuwa na uwezo wowote wa kubishania bei; jua lilikuwa linatua. Mwenye shamba angeweza kuwapa chochote, nao wangeshukuru. Yeye akawapa ujira wa siku nzima, maana alijua kwamba familia zao zingekula siku nzima. Huyo ndiye mnunuzi ambaye Injili yatuwekea mbele ya macho: aliyeiona shida ya mwenziwe asiifanye kuwa faida yake.

TUFANYE NINI

Kwanza, tuanze sakristia. Halmashauri za parokia, kwa kushauriana na paroko, ziulize divai ya Misa inatoka wapi. Ipatikanapo divai ya Tanzania iliyoidhinishwa na wakuu wa Kanisa kwa matumizi ya altare, tuipendelee. Fedha yetu ni ndogo, lakini sauti ya wanunuzi waaminifu ambao hununua kila mwaka ni sauti inayosikika, na wenye sauti hiyo wanaweza kumwuliza mwuzaji: mkulima wako unamlipaje?

Pili, katika arusi, jubilei na sikukuu zetu, pale ambapo divai hutolewa, tuondokane na aibu ya kuficha kilicho chetu na kutanguliza chupa yenye maandishi ya kigeni. Hapa twatoa tahadhari kwa moyo wa upendo. Hatumhimizi mtu kunywa. Ulevi umezivunja nyumba nyingi za pwani hii, na gongo imewapoteza vijana wetu. Tena tunaishi pamoja na ndugu zetu Waislamu, ambao kwao divai ni haramu. Tuiheshimu imani yao mezani na barabarani. Mazungumzo yetu yanahusu ujira wa mkulima, na juu ya ujira wa haki Mwislamu na Mkristo hawana la kubishania.

Tatu, tujitahidi kumpa mkulima uwezo wa kungoja. Huko Dodoma, zabibu mbichi haiwekeki ghalani, lakini mchuzi wa zabibu huweza kukaa katika tangi safi kwa muda mrefu. Mwenye mashine ya kukamulia na tangi lake hamwogopi tena dalali wa asubuhi. Kwa hiyo ushirika wa wakulima wenye mashine zao, kama vile wakulima wa Chinangali, wilayani Chamwino, walivyojiunga kulima pamoja kwa umwagiliaji, wastahili kuungwa mkono na kila mpenda haki. Hapa kwetu, uwezo wa kungoja ni akiba. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo yaweza kuanzisha mfuko wa miezi ya njaa, wa kukopeshana bila riba ya kunyonya, urejeshwe baada ya mnada. Familia kumi zikiweka shilingi 5,000 kila moja wakati wa mavuno kwa miezi minne, patakuwa na shilingi 200,000. Fedha hiyo ingemwokoa mama yule wa Julai, na wengine watatu pamoja naye.

Nne, tusiyatupe mabibo. Kila msimu matunda hayo huoza chini ya mikorosho, au hugeuzwa uraka na kisha gongo. Kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, kimewafundisha watu kutengeneza juisi, jemu na hata divai kutokana na mabibo. Hayafai kwa altare, tumekwisha kusema. Lakini yafaa kwa ada ya shule.

Tano, na hili ndilo gumu kuliko yote: kila mmoja wetu aliyenunua kangomba ajitazame. Zakayo hakuishia kusikitika, alirudisha. Anayeshika madeni ya korosho ya majirani zake anaweza, kabla ya msimu ujao, kuyageuza kuwa madeni ya fedha ile ile aliyoitoa. Haitamfilisi. Na sisi viongozi tukubaliane kwamba hatutampa uongozi wa jumuiya wala wa kamati mtu anayejulikana kuishi kwa kangomba, hata awe na mchango mkubwa kiasi gani, mpaka ameyaweka sawa na jirani zake.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

Je, katika jumuiya yetu ni nani aliyeuza mavuno yake kabla ya kuyavuna mwaka huu, na sisi tulikuwa wapi alipokuwa na shida?

Je, chama chetu cha msingi husomewa hesabu zake mbele ya wanachama wote, wanawake wakiwamo, na makato yote yakaelezwa?

Je, divai na mkate wa parokia yetu vyatoka wapi, na kuna aliyewahi kuuliza?

Wapendwa, Dominika ijayo vipaji vitakapopita kati ya viti tukitazame kikombe kile. Ndani yake mna mvua chache za Dodoma, mna salfa na kisu cha kupogolea, mna safari ya mkulima kwenda kiwandani kabla jua halijapanda. Mungu hupokea vyote hivyo na kuvigeuza kuwa uzima wetu. Nasi tunaokwenda kupokea uzima huo tuhakikishe kwamba mikono tunayoinyosha haikushika kilo za mjane. Na kama ilizishika, Injili yasema la kufanya: tuiache sadaka yetu mbele ya altare, tuende kwanza tukapatane na ndugu yetu, ndipo turudi.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.

Mhariri,
Kwa niaba ya Tume ya Haki na Amani